"Hapa nje panatosha": kauli niliyoambiwa leo Hong Kong mbele ya mlango uliofungwa

Mama wa Vyombo

Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa ndani ya treni ya kurudi Guangzhou, viatu nimevivua, na miguu imeumuka kama maandazi yaliyozidishiwa hamira, kwa hiyo mnisamehe endapo maneno yatatangulia adabu.

Yule bwana anayetuongoza kwenye matembezi mnamjua. Sitamtaja, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou akakosa kukiona kile kibendera chake cha kijani, kikipepea asubuhi kwenye ukumbi wa hoteli kana kwamba tunakwenda kukomboa nchi. Leo bwana huyo, akiwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, ametuangalia watu wazima kumi na mmoja tuliolipa fedha zetu, akasema: "Kwa watu wa bidhaa, hapa nje panatosha."

Naomba mnisome taratibu. Hapa nje panatosha.

Mimi ninauza sahani na vikombe Kariakoo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nimezaliwa Kunduchi, ambako makaburi ya kale yana nguzo zilizopachikwa sahani za Kichina, na utotoni tulikuwa tukiingiza vidole katika vile vishimo ambamo sahani zimekwishang'olewa, hadi bibi atufukuze kwa ufagio. Kwa hiyo niliposikia kuwa kuna safari ya siku moja ya kutembelea makumbusho bora ya Hong Kong, na kwamba tungeanza na Makumbusho ya Kasri, yale yaliyofunguliwa Julai 2022 kwa vitu 914 vilivyoazimwa kutoka kasri la wafalme la Beijing, sikuuliza bei mara mbili. Nilitaka kuwaona ndugu wa zile sahani za Kunduchi, wale waliobaki nyumbani kwa mfalme.

Tukateremka kituo cha West Kowloon, tukatembea na jua hadi ufukweni. Jengo lile ni zuri, sitaki kusema uongo. Limebana chini na kupanuka juu kama bakuli la uji, na milango yake ni mikubwa na myekundu. Ilikuwa imefungwa. Mlinzi, kijana mpole mwenye chupa yake ya chai mkononi, hakutufokea wala hakutucheka. Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye kibao. Jumanne. Si dharura, si ukarabati, si msiba. Ni ratiba yao ya kila wiki, iliyoandikwa kwa herufi ambazo hata mimi nisiye na miwani nilizisoma.

Hapo ndipo nilipomgeukia yule bwana, nikitarajia aone haya. Akakinyanyua kibendera, akatupanga kwa urefu, akasema maneno yale.

Tukaenda Makumbusho ya Anga, lile kuba la umbo la yai lililopo ufukweni mwa Tsim Sha Tsui tangu mwaka 1980. Jumanne, pamefungwa. Tukaenda Makumbusho ya Historia, barabara ya Chatham. Jumanne, pamefungwa. Tukapanda kivuko cha Star Ferry kwenda Central, tukapandisha kilima hadi Flagstaff House, nyumba ya miaka ya 1840 aliyokuwa akikaa mkuu wa majeshi ya Waingereza, ambayo tangu 1984 ni makumbusho ya vyombo vya chai. Vyombo vya chai, wakuu! Mimi, mwanamke ninayeweza kutambua birika lenye ufa kwa kuligonga ukucha mara moja, nimesimama kwenye baraza ya nyumba iliyojaa mabirika, nikaangalia kitasa. Jumanne. Kufikia mlango huo wa nne yule bwana hakusema hata neno. Alikinyanyua kibendera, tukajipanga wenyewe.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Alituchangisha "viingilio", ilhali maonyesho ya kudumu ya Historia yaliondolewa kiingilio mwaka 2016 na ile nyumba ya mabirika haitozi mtu yeyote. Fedha nitasamehe. Angesema "poleni, nimekosea siku", ningemnunulia na chai. Lakini hapa nje panatosha? Kwa watu wa bidhaa? Nikifa nizikeni Kunduchi, mnijengee nguzo, mpachike sahani moja, na juu ya sahani hiyo mwandike: hapa nje panatosha.

Anayetaka kumtetea aanze kwa kuniambia leo ni siku gani.

Mzee wa Konteina

Pole sana, mama. Mimi kibendera hicho hicho kilinipeleka M+, yale makumbusho ya sanaa ya kisasa, siku ya Jumatatu, na M+ hupumzika Jumatatu. Tulipoona pamefungwa, alituambia kwamba tusihuzunike, kwa sababu M+ yenyewe ni ule ukuta wa taa unaotazama bahari na ndani hamna kitu. Tukakaa ufukweni hadi magharibi tukiusubiri ukuta uwake. Nimerudi nyumbani nikawasimulia watoto kwamba nimeona makumbusho, na mpaka leo mkubwa wao ananiuliza ndani kulikuwa na nini, nami ninajibu kwamba mambo ya sanaa hayaelezeki.

Kitasa

Mleta uzi ameandika malalamiko kama anayeomba kazi serikalini, lakini nina swali dogo, dada yangu. Jumanne M+ iko wazi, na kutoka pale Kasri ni mwendo mfupi usioweza kuumua mguu wa mtu. Makumbusho ya Sanaa yamepakana na lile kuba la yai, nayo Jumanne yako wazi. Makumbusho ya Sayansi yanatazamana na ya Historia, ua ni mmoja, nayo Jumanne yako wazi. Umepita mbele ya milango mitatu iliyo wazi ili ukalie kwenye minne iliyofungwa. Yule bwana ana makosa yake, lakini macho yalikuwa ya nani?

Mama wa Vyombo

Kitasa, nilikuwa ninafuata kibendera. Nilipouliza lile jengo kubwa lililo karibu na yai ni la nini, alisema ni ofisi za forodha. Wewe umewahi kumwona mtu wa Kariakoo akiingia ofisi za forodha kwa hiari yake?

Binti Pangani

Forodha! Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Hiyo kauli ninaichukua, nitaibandika mlangoni kwangu kwa ajili ya mawifi wanaokuja bila taarifa: hapa nje panatosha.

Dakika ya Tisini

Wenye kufuatilia mpira tulikwishawaonya. Mshika kibendera akikinyanyua, ujue umeotea. Mama umeotea mara nne katika mchezo mmoja na bado unalalamikia matokeo.

Mwalimu Mstaafu

Tusilaumu siku, tulaumu kutokusoma. Makumbusho ya serikali ya Hong Kong yamegawana mapumziko: Historia, Anga, Urithi wa Sha Tin, yale ya Reli kule Tai Po na ile nyumba ya mabirika hupumzika Jumanne, ilhali Sanaa, Sayansi na yale ya Dk. Sun Yat-sen, mwanamapinduzi wa Uchina, hupumzika Alhamisi. Kasri lina bodi yake, lakini nalo limechagua Jumanne. Mtu mwenye kalenda na penseli hawezi kukwama.

Hata hivyo, kwa kuwa uzi ni wa malalamiko, nami nina langu, na ni zito kuliko la mlango. Mimi niliingia. Niliingia Makumbusho ya Sayansi nikiwa na shati la mikono mifupi, kwa sababu nje palikuwa na joto la Tanga mwezi wa pili, na ndani nikakuta kiyoyozi kilichowekwa na mtu asiyewapenda wazee. Kuna mtambo mle wa mipira inayobingirika kwenye reli zake, una urefu wa mita 22 na umepenya ghorofa hadi ghorofa. Umati ulikuwa kimya ukisubiri kishindo cha mipira, na kishindo cha kwanza kilichosikika kilikuwa cha meno yangu. Juu ya kichwa changu ilining'inia ile ndege kongwe ya DC-3 waliyoibatiza Betsy, nami nikaionea wivu kwa sababu yenyewe haina ngozi.

Shemeji wa Mombasa

Mwalimu, wewe ulipigwa na kiyoyozi. Mimi nilipigwa na Bruce Lee. Tulikwenda Makumbusho ya Urithi, Sha Tin, nikiwa nimepanga kuona mavazi ya opera ya Kikantoni, ambayo ndiyo hazina ya pale, na tukatoe saa moja tu kwa maonyesho ya Bruce Lee ili mume wangu asinune. Saa moja ilizaa nyingine tatu. Mume wangu, mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye kisukari na wajukuu wawili, alisimama mbele ya picha na nguo za marehemu yule kama anayezuru kaburi la walii, na kila nilipomvuta mkono aliniambia, "Ngoja kwanza, mama." Opera sikuiona. Usiku, hotelini, nilishtushwa na mateke. Taa ya kusomea ilikwenda na soketi yake, na bili nikalipa mimi. Kati ya kuambiwa "hapa nje panatosha" na kuambiwa "ngoja kwanza" kwa saa nne, nadhani Mama wa Vyombo amepata nafuu.

Nahodha Mstaafu

Mnanishangaza kubishana makumbusho ya nchi kavu katika mji ambao umejengwa na bandari. Makumbusho bora ya Hong Kong ni ya Bahari, gati namba 8, Central, yalikohamia mwaka 2013 kutoka Stanley. Hayana siku ya mapumziko ya wiki. Kuna mchoro mle wa kukunjuliwa, urefu wake mita 18, unaoonyesha jinsi maharamia wa Bahari ya Kusini ya Uchina walivyotiishwa mwanzoni mwa karne ya 19, na majahazi yamechorwa moja moja, kwa kamba zake. Nimetumika baharini miaka thelathini na mbili. Nilitembea mita hizo 18 kwa dakika arobaini na sikuchoka. Malalamiko yangu ni moja: hakuna kiti karibu na mchoro, na mbele yangu kulikuwa na familia iliyopiga picha za chakula walichokuwa wamekula jana.

Shemeji wa Mombasa

Nahodha, hapo nakuunga mkono, ila wangetuwekea nasi sehemu yetu. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima mzima, zama za meli za Zheng He, yule amiri wa Kichina, na nilizunguka ghorofa zote nikimtafuta sikumwona hata shingo.

Nahodha Mstaafu

Malindi kilikuwa kituo cha kupakia mzigo tu, shemeji. Twiga ni wa Tanganyika.

Shemeji wa Mombasa

Mwaka 1415 Tanganyika ilikuwa wapi, Nahodha? Nionyeshe kwenye ramani, nami nitakupa na Fort Jesus.

Mzee wa Konteina

Mzigo wowote unaopita bandari ya wenzetu hugeuka kuwa wao. Sishangai kwamba hata twiga.

Mama wa Vyombo

Wakuu, turudi mlangoni. Nimefika Guangzhou, nimeoga, nimekula, na bado ninaiona ile shingo yake ikigeuka taratibu, na kile kibendera, na mlinzi mwenye chupa ya chai akitazama chini kwa kutuonea huruma. Hakusema "makumbusho yamefungwa". Angalisema hivyo tu ningenyamaza. Alisema panatosha.

Binti Pangani

Mimi ninauliza kuhusu twiga. Alisafirije? Shingo waliiweka wapi?

Nahodha Mstaafu

Sitahani, yaani juu, si ndani ya ngama. Mbona hili liko wazi? Mnyama mwenye shingo ile hawezi kuingizwa chini, na meli za Zheng He hazikuwa mitumbwi.

Kitasa

Kwa maana nyingine, hata twiga aliambiwa hapa nje panatosha.

Mwalimu Mstaafu

Ninaomba tusiache suala la viyoyozi likapotea. Nimefanya uchunguzi wangu binafsi katika makumbusho matano, na ghorofa ya juu huwa na baridi kuliko ya chini, jambo linalopingana na kila nililofundisha darasa la sita kuhusu hewa moto na hewa baridi.

Mpangaji wa Nathan Road

Samahani, nimeufikia uzi huu nikiwa Tsim Sha Tsui. Leo ni Alhamisi, mzigo wangu utatoka kesho, na nina siku nzima. Niende wapi?

Mwalimu Mstaafu

Usiende Sanaa wala Sayansi. Nenda Historia, au Kasri, au M+, zote zinafungua Alhamisi. Chukua koti.

Nahodha Mstaafu

Panda kivuko, uende gati namba 8. Pita kwanza dukani ukale, maana viti hakuna.

Shemeji wa Mombasa

Kama uko na mume, popote isipokuwa Sha Tin.

Mpangaji wa Nathan Road

Niko peke yangu, nashukuru. Ila koti sina, nimekuja na kanga tu.

Mwalimu Mstaafu

Beba doti nzima.