Mjadala: Anonymous wakidai wamedukua, tuseme "si kweli" au "haijathibitishwa"?

Mtoa mada, Sinza
Wakuu, heshima kwenu. Kuna dai la mwaka 2020 ambalo bado linarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar kana kwamba limeshathibitishwa: kwamba baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, Anonymous, kundi la wadukuzi wasiojulikana, walidukua polisi wa Minneapolis, Marekani, wakamwaga baruapepe na nywila zao. Mimi nasema hukumu yake ni "si kweli". Troy Hunt, Mwaustralia aliyeanzisha mwaka 2013 Have I Been Pwned, tovuti ya kuangalia kama anwani ya baruapepe imewahi kuvuja, aliipekua orodha ile. Ilikuwa na anwani 798. Ukiondoa zilizojirudia zinabaki 689. Kati ya hizo, 654 zilikuwa tayari kwenye hazina yake ya data zilizovuja kwenye tovuti nyingine. Kwa kila dalili, mtu alichota data kuukuu, akachuja anwani za polisi, akafunga kifurushi kipya.

Mdau, Kariakoo
Mkuu, unakimbia. Hawa watu si wa kupuuzwa. Februari 2011 waliingia kwenye mifumo ya HBGary Federal, kampuni ya usalama wa mtandao ya Marekani, wakaanika baruapepe zaidi ya 50,000, na kampuni yenyewe ilikiri kuvamiwa. Tena hawana ofisi wala msemaji: yeyote akivaa kinyago cha Guy Fawkes ni Anonymous. Sasa utasema "si wao" kwa ushahidi upi? Na hizo anwani 35 zilizobaki, zimetoka wapi?

Mtoa mada, Sinza
Hapo ndipo tunapogongana, ndugu yangu. Sijasema "si wao". Swali la "nani" liache kabisa, kwa kundi la namna hii halina jibu. Swali linalojibika ni hili: data hizi zimetoka kwenye mfumo unaotajwa, au hazikutoka? HBGary ilijibika kwa sababu zilimwagwa barua zenyewe, na mazungumzo yake hayakuwa yameonekana popote kabla. Kwa Minneapolis zilitolewa jozi za anwani na nywila tu. Mfumo mmoja huweka nywila moja kwa kila akaunti; ukikuta anwani ileile mara mbili, tatu, na kila mara nywila tofauti, ujue ni mkusanyiko. Angalia na nywila zenyewe: herufi sita ndogo bila namba ni za tovuti ya mtaani, ofisi yenye utaratibu haikubali hizo. Kuhusu zile 35, hazina moja haina kila uvujaji uliowahi kutokea. Kutoonekana humo hakuzifanyi kuwa mpya.

Mdau, Mbagala
Naongeza jambo ambalo wengi hulikosea. Kuna anayetaka "kuhakiki" kwa kuchukua nywila moja kwenye orodha na kujaribu kuingia. Usithubutu! Kuingia kwenye akaunti bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama nia yako ni njema. Tafuta anwani tu kwenye Have I Been Pwned, nywila usiiguse. Na usifowadi orodha yenyewe: huenda baadhi ya wenye anwani bado wanatumia nywila zilezile kwenye akaunti nyingine, utakuwa umewaumiza kwa mara ya pili. Skrinshoti ukiirusha, ziba kila kitu kilicho mbele na nyuma ya alama ya @.
Halafu kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo: anayechapisha habari akijua ni za uongo ili kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo neno unaloweka juu ya dai lina uzito.

Mdau, Kariakoo
Kwenye nywila mmenishawishi. Lakini siku zilezile tovuti ya polisi wale ilizimika, na watu wanayachanganya haya mawili. Kuizidishia seva (kompyuta inayobeba tovuti) maombi mpaka ielemewe si kudukua. Hakuna data inayotoka. Hilo la kuzimika linaweza kuwa kweli, na aliyelifanya hajulikani. Ukibandika "si kweli" juu ya ujumbe mzima, unalizika na hilo.

Mtoa mada, Sinza
Hiyo naikubali. Basi tuligawe: orodha ya nywila kutoka polisi, "si kweli". Tovuti kuzimwa na Anonymous, "haijathibitishwa". Ila ile ya kwanza sirudi nyuma, kwa sababu "haijathibitishwa" ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kuendelea kufowadi.