Mrejesho: sauti zilizosikika kando ya kiota cha furukombe

Ndugu zangu, niliwaomba msaada kuhusu kiota cha furukombe (osprey, ndege mla samaki) kule Uskoti ninachokitazama kupitia kamera ya mtandaoni nikiwa hapa Tanga: nilitaka kujua jike analia kwa nini akiwa peke yake, na ni ndege gani wengine wanaoimba karibu naye. Ninawashukuru kwa dhati, kwa maana majibu yenu yamenifungulia mengi.

Kilio cha jike, kama mlivyoeleza, ni cha kumdai dume chakula. Tangu hapo nimekuwa nikimwona dume akifika na samaki ambaye mara nyingi kichwa chake kimeshaliwa, na jike akienda kula pembeni huku dume akiyaatamia mayai, kazi ambayo kwa jumla huchukua takribani siku 37.

Kuhusu nyimbo, nilizirekodi na kuzipitisha kwenye programu ya Merlin, inayotambua ndege kwa sauti zao, kisha nikazisikiliza upya mwenyewe, kwa sababu mashine peke yake haitoshi. Yule anayerudia kila kipande mara mbili hadi nne kabla ya kubadilisha ni Turdus philomelos (kwa Kiingereza song thrush). Mwingine, ambaye mluzi wake laini hushuka taratibu hadi kufifia, ni Phylloscopus trochilus (kwa Kiingereza willow warbler), na huyu amenifurahisha kuliko wote, kwani jamii yake huja Afrika majira ya baridi ya Ulaya na hufika hata Tanzania, ilhali furukombe wengi wa Uskoti huelekea Senegali na Gambia.

Sasa ninasubiri makinda yaanguliwe.