Fundi saa mnayemjua nyote amenifutia treni iliyochongwa kwenye saa yangu nikiwa nimesimama mbele yake!

Ndugu wanajamvi, nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Sitamtaja jina, kwa sababu kuanzia Ohio hadi Pennsylvania hakuna mkusanyaji wa saa za mfukoni za Kimarekani asiyemjua fundi yule wa aproni ya kijani, anayekaa mlangoni katika kila maonyesho na kujiita daktari wa saa. Ni daktari gani anayemchuna mgonjwa ngozi kisha akamdai malipo ya kumchuna?

Nilimpelekea saa yangu ya Hamilton 992, saizi 16, vito 21 (vijiwe vya kupunguza msuguano), yenye mtambo, yaani mashine ya ndani, ambao kwa mujibu wa nambari yake ulitengenezwa Lancaster, Pennsylvania, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nilimwomba aufungue mtambo, ausafishe, autie mafuta mapya na kuurudisha ndani ya kasha. Kuhusu kasha lenyewe nilimwambia asiliguse, kwa maneno hayo hayo, naye akaitikia kwa kichwa. Mgongoni mwa kasha hilo palichongwa kichwa cha treni ya mvuke, moshi ukifuka kuelekea nyuma, magurudumu yake yote yakihesabika.

Nilipofika kuichukua nilimkuta amekikandamiza kifuniko cha nyuma kwenye gurudumu la kung'arishia, mota inanguruma, na treni inatoweka huku naitazama. Ulianza kwenda moshi, likafuata bomba, yakamalizikia magurudumu. Nilipiga ukelele uliowageuza watu wote waliokuwa ukumbini. Yeye akazima mashine bila haraka, akakifuta kifuniko kwa aproni, akanikabidhi na kusema: "Sasa inang'aa kama mpya."

Kama mpya! Kasha lile si dhahabu tupu, na yeye anajua. Ni tabaka mbili nyembamba za dhahabu zilizoshikamanishwa na shaba ya njano katikati, na ndani yake umepigwa mhuri wa dhamana ya miaka 25. Dhamana hiyo iliwekwa kwa sababu dhahabu ile hulika polepole mfukoni, kwa hiyo kiwanda kiliahidi kwamba itadumu angalau muda huo. Ilidumu zaidi ya miaka 100. Ilivumilia mifuko, jasho, masizi na vizazi vya watu, halafu ikaja kumalizwa na mtu mmoja kabla hajanywa chai yake ya saa nne. Sasa ukiigeuza saa unaiona shaba imechungulia katikati, pale pale ilipokuwa treni. Mtu huyu akipewa piramidi za Misri atazipiga msasa hadi ziwe uwanja wa mpira, kisha awaambie Wamisri kwamba sasa zinang'aa.

Treni ile haikuwa pambo la bure. Baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, mnamo Aprili 1891, na lawama kuangukia saa ya dereva iliyosemekana kusimama kwa dakika chache, Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, alipewa kazi ya kusimamia ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli. Kutokana na kazi hiyo na viwango vilivyofuata, saa ya reli ilitakiwa kuwa na uso wazi (usiofunikwa na kifuniko), vito visivyopungua 17, usahihi usiokosea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na kijiti cha kuvuta chini ya kioo kabla ya kugeuza akrabu, ili dereva asibadilishe majira kwa bahati mbaya anapotia ufunguo. Hamilton 992 ilitengenezwa kwa ajili ya watu hao. Mtu akalichagua kasha lenye treni, akalibeba kazini, na leo mgongo wa saa yake uko mtupu, nami naambiwa unang'aa kama mpya!

Juu ya hayo aliniongezea dola 40 za kazi ya kung'arisha.

MAJIBU

Akrabu Mbili: Pole sana, mkuu. Huyo huyo alichukua uso wa Waltham yangu, ule wa kaure wenye kiduara kidogo cha sekunde kilichozama, akauchovya katika dawa yake hadi vipande vikaachana. Nilipomuuliza alisema kwamba ulikuwa umechoka. Nimesoma habari za treni yako nikasaga meno.

Vito 23: Mleta mada, umeandika maombolezo marefu kuliko reli yenyewe. Je, mtambo unatembea? Kama unatembea, umepoteza kifuniko tu, na vifuniko vinapatikana. Isitoshe, ungenunua Waltham Vanguard yenye vito 23 usingekuwa na muda wa kulilia mgongo wa kasha, kwa sababu macho yako yangekuwa kwenye mtambo.

Mleta mada: Ndugu Vito 23, sijaomba kifuniko kingine. Nimesema kwamba aliifuta treni nikiwa nimesimama mbele yake, baada ya kumkataza, kisha akasema inang'aa kama mpya. Alisema hivyo akinitazama usoni!

Bibi wa Springfield: Wanangu, nyinyi mnalia kwa nakshi. Mimi nililetewa Illinois Bunn Special iliyotangazwa kuwa na kasha lake la asili, na nilipoifungua nikakuta ukingoni alama za skrubu za mtambo mwingine kabisa. Zamani sonara alimuuzia mteja mtambo na kasha kila kimoja peke yake, kwa hiyo kuunganisha kwenyewe si dhambi. Dhambi ni kuutoa mtambo leo, kuuweka katika kasha la marehemu mwingine na kuapa kwamba vimekuwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Reli ya Kale: Bibi, shikamoo. Hilo lako lina nafuu. Mimi niliuziwa saa ya "reli" ambayo taji lake, kile kitufe cha kutilia ufunguo, liko kwenye namba 3 badala ya 12, yaani mtambo wa saa ya kifuniko uliosukumiwa ndani ya kasha la uso wazi. Muuzaji akanieleza kwamba madereva wa mkono wa kushoto waliipenda hivyo.

Vito 23: Hiyo ya madereva wa mkono wa kushoto nami niliwahi kuambiwa! Huyo muuzaji hana ndevu nyekundu?

Mleta mada: Jamani, tunaomba turudi kwenye treni yangu.

Akrabu Mbili: Tutarudi, mkuu. Ila tukiorodhesha waharibifu, wa kwanza ni wanaonunua saa zenye makasha ya dhahabu halisi, wakaling'oa kasha na kulipeleka kuyeyushwa, kisha mtambo wa Elgin wa karne ya 19 wakautupa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na mingine 20, uso umevunjika, akrabu zimepinda. Bei ya dhahabu ikipanda, kila mwezi tunapoteza makasha ambayo hakuna kiwanda kitakachoyatengeneza tena.

Bibi wa Springfield: Marahaba, Reli ya Kale. Akrabu Mbili amesema kweli tupu. Ninao mmoja wa mitambo hiyo, Elgin wa saizi 18, unatembea vizuri na hauna kasha. Mwenye kasha la nikeli la uso wazi la saizi hiyo, hata likiwa na mikwaruzo, aniandikie, na tafadhali asilipitishe kwanza kwa fundi yeyote.

Reli ya Kale: Ninalo kasha moja la kiwanda cha Dueber, bibi. Kioo chake kina ufa, lakini nyuzi za kifuniko ni nzima. Nikupigie picha?