David Frost alimbanaje Nixon mwaka 1977?

Mdadisi
Wakuu, Frost, mtangazaji Mwingereza, alipata jina kwenye vichekesho vya siasa BBC mwaka 1962. Aliwezaje kumbana Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa Marekani, kwenye mahojiano kuhusu Watergate, kashfa iliyomng'oa madarakani? Na nani aligharamia?

Msomahabari
Pesa ndiyo ilikuwa kasheshe. Nixon alilipwa dola 600,000 na mgawo wa faida. Mitandao mikubwa ya televisheni Marekani ilikataa mahojiano ya kununua, Frost akasaka wawekezaji na wadhamini, kisha akauza vipindi kwa kituo kimoja kimoja. Nixon hakuonyeshwa maswali mapema wala hakuwa na sauti kwenye uhariri. Bila sharti hilo, kwa maoni yangu, yangekuwa matangazo tu.

Kinasa Sauti
Zilirekodiwa zaidi ya saa 28, vikatoka vipindi vinne vya dakika 90, cha kwanza kikirushwa Mei 4, 1977. Nyumbani kwa Nixon hapakufaa kwa sababu mitambo ya redio ya walinzi wa pwani iliingilia vifaa, wakahamia nyumba nyingine California.

Vikao vya mwanzo Nixon alitamba. Swali pana humpa mwanasiasa nafasi ya kuhutubia, na saa inakwenda. Kwenye Watergate Frost aliingia na tarehe, majina na nukuu za mazungumzo ya Nixon na Charles Colson, msaidizi wake Ikulu, zilizochimbuliwa na mtafiti wake, James Reston Jr. Hapo kukwepa kukawa kugumu.

Mdadisi
Baadaye je?

Msomahabari
Kituo cha televisheni cha asubuhi TV-am 1983, kipindi cha Jumapili asubuhi BBC 1993–2005, kisha Al Jazeera English. Alifariki Agosti 31, 2013, akiwa melini.