Mkaa ni nishati jadidifu? Daftari la binti yangu limenichanganya

MamaMakande
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama lishe hapa Ihumwa, Dodoma. Juzi usiku nachambua maharage, binti yangu wa kidato cha pili anajisomea kwa sauti: kuni na mkaa ni nishati jadidifu, yaani inayojirudisha isiishe; gesi na mafuta si jadidifu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Sasa mbona kila mkutano wa mtaa tunaambiwa tuache mkaa tuhamie mtungi? Yaani tuache kinachoota tushike kinachokwisha? Sitaki siasa, nataka kuelewa. Gunia linanikaa siku nne tu, makande yanakula moto.

Mzee wa Tanuri
Marahaba mwanangu. Mwalimu hajakosea. Nimechoma mkaa porini huko Chamwino zaidi ya miaka kumi, mpaka mgongo ulipokataa. Hiyo jadidifu ina sharti: usikate kuliko pori linavyoota. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Mgunga unachukua miaka kunenepa, mimi naulaza kwa shoka kabla ya chai. Halafu tanuri la udongo lina hasara. Unapanga magogo, unafukia, unalala hapohapo kulinda lisitoboke likawaka moto, siku ya kufukua unapata mkaa ambao hata robo ya uzito wa zile kuni haufiki. Kingine chote kimekwenda na moshi.

Fundi Nkuhungu
Nyongeza, mama. Wengi hudhani gesi ya mtungi ndiyo ile inayochimbwa kisiwani Songosongo. Siyo. Ya Songosongo ni methani, inapita bombani hadi Dar es Salaam, na tangu 2004 inazalisha umeme. Ya mtungini ni propani na butani, inakuja kwa meli kutoka nje. Zote zinakwisha, binti yuko sahihi. Mtungi unapigiwa debe kwa ajili ya miti na mapafu yako. Mimi ningekushauri presha ya umeme, lile sufuria la kufunga linalopika kwa mvuke. Bwawa la Nyerere kule Rufiji peke yake ni mitambo 9, megawati 2,115, na hayo ni maji, nishati jadidifu. Ila nayo yanategemea mvua. Aliyepita bwawa la umeme la Mtera mwaka wa ukame anajua ninachosema.

MamaMakande
Kumbe! Lakini fundi, presha ya makande ya watu arobaini utanitolea wapi? Sufuria langu unamwogeshea mtoto. Nitaanza na maharage, makande yabaki kwenye mkaa kwanza. Mzee, nina kiwanja Nala, kina visiki vya mgunga vinachipua ovyo kama nywele za asubuhi. Nivingoe?

Mzee wa Tanuri
Usithubutu! Mizizi hiyo iko chini pengine tangu hujazaliwa, ndiyo maana inachipua haraka kuliko mche wa kupanda. Kila kisiki chagua machipukizi matatu au manne yaliyonyooka, mengine kata, kisha funga kitambaa watu wajue kina mwenyewe. Kisiki hai, ndivyo tunavyokiita. Na kaongee na jirani mwenye mbuzi mapema.