Riwaya ya urafiki wa Mgogo na Mnyamwezi: elfu kumi na tano yangu imeenda na maji

Wakuu, mods naomba msiunganishe huu uzi, nina dukuduku.

Juzi pale Majengo nimenunua riwaya ya kihistoria, 15,000 taslimu. Mwandishi simtaji, asije akapata soko la bure kupitia hasira zangu. Jalada linaahidi urafiki wa kijana wa Kigogo na mpagazi wa Kinyamwezi, miaka ya 1880, misafara ya pembe ikikatiza Ugogo. Mimi mama Mgogo, baba Mnyamwezi. Nikasema leo nimeandikwa mimi.

Ukurasa wa tatu tu, kijana anasikia honi ya treni. Treni ipi? Reli ya Kati imefika Dodoma 1910! Nikameza. Mbele kidogo anatoka kwenye nyumba ya msonge. Hivi huyu hajawahi kuona tembe, paa bapa la udongo, ua katikati wanakolala ng'ombe?

Ila kilichonichefua ni hongo. Mtemi anadai hongo, mwandishi anamchora kama karani mla rushwa. Jamani! Enzi zile hongo ilikuwa ushuru wa kupita na kunywa maji, inalipwa kwa doti za nguo, waya, shanga. Msafara umetoka kuvuka Marenga Mkali, ile nyika kavu isiyo na maji, watu midomo imepasuka, na kisima kina mwenyewe. Mgogoro wa hadithi si ndio huo, umemlalia mlangoni: mtoto wa mwenye maji na kijana mwenye kiu! Kauruka. Badala yake mpagazi anapewa hotuba ya kurasa mbili, eti binadamu wote ni ndugu. Nani anahutubia hivyo na koo limekauka?

Wanapoagana wanagonga viganja kama mashabiki wa mpira. Zama hizo watu walichanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, wenyewe walichanjiana 1876. Utani hakuna. "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, hata moja hakuna. Wote wawili wanaongea kama vijana wa Kariakoo, sasa tamaduni mbili ziko wapi?

Jioni nikamsomea bibi mzaa mama sura ya kisimani. Akasikiliza mpaka mwisho, kimya, anachambua mlenda. Kisha akaniuliza, "Na ng'ombe wamekunywa saa ngapi?"

Nimerudia kupekua mpaka saa sita usiku. Ng'ombe hakuna hata mmoja, kitabu kizima.