Tupeane uzoefu: umewahi kulizwa ukinunua simu, laptopu au TV mtandaoni ukiwa Dodoma? Ilikuwaje?

Zabibu Kavu:

Mbukwenyi wakuu.

Naanza na langu ili nisionekane nachungulia ya wenzangu. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta TV ya inchi 43. Nikaangukia ukurasa mmoja Instagram, wafuasi elfu sitini na kitu, picha za duka lililojaa hadi darini, anwani Kariakoo mtaa wa Aggrey. Bei laki tatu na themanini. Hapa mjini TV ya aina ileile nilishaambiwa laki sita na ushee. Nikaomba apunguze, akashuka papo hapo hadi laki tatu na nusu, "kwa sababu ni wewe mteja wetu wa Dodoma, bosi". Hapo ndipo ningeshtuka. Muuzaji wa Kariakoo hashuki elfu thelathini kwa meseji moja, lazima akulilie kwanza.

Nikatuma nusu. Baada ya saa moja ikaja picha ya risiti ya mzigo wa basi: jina langu, namba yangu, "TV 1", mhuri. "Mzigo umeshapanda bosi, malizia tukupe namba ya konda." Nikamalizia, na ya kutolea juu. Saa kumi na mbili jioni niko stendi ya Nanenane, na kirikuu nimekodi kabisa. Basi likaingia. Konda akaitazama ile picha, akaikuza kwa vidole, akasema, "Mzee, risiti ni ya kwetu kweli, ila vitabu vya rangi hii tuliacha kuvitumia mwaka juzi." Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake hata hakusogea, aliuliza tu, "Ile ya TV?"

Nikarudi na kirikuu tupu. Mama watoto alikuwa ameshafuta vumbi ukutani na fundi ameshafunga ile chuma ya kushikilia TV. Ipo mpaka leo, tunatundikia funguo.

Kinachoniuma ni kwamba wakati natuma hela, jina lililotokea lilikuwa la mama mmoja hivi, halifanani na duka wala mwenye duka. Nikauliza, nikajibiwa "huyo ni mhasibu wetu". Na mimi ndiye huwa nawacheka watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii"!

Haya, leteni yenu. Waliopigwa, walioponea, hata wauzaji karibuni. Majina ya maduka na namba za watu tusiweke, tusije tukamchafua asiyehusika.

Mtani wa Kondoa:

Pole mkuu. Inchi 43 kwa laki tatu na nusu, hata mwizi angekuona unamdharau.

Chimwaga Juu:

Langu ni dogo kwa hela, kubwa kwa machozi. Nilinunua flashi ya TB 2 kwa elfu ishirini na nane kutoka kwa mtu aliyeitangaza kwenye kundi letu la WhatsApp la darasani. Tena si mtu wa mbali, tunakaa hosteli moja. Nikaichomeka, kompyuta ikasoma TB 2 kweli. Nikahamishia kila kitu: madodoso ya utafiti niliyokusanya Bahi kwa wiki tatu, sauti za mahojiano, picha za shughuli ya dada yangu. Siku ya kumpelekea msimamizi, majina ya mafaili yote yapo, moja moja nikilifungua linagoma.

Jamaa wa maabara ndiye aliyenieleza. Ndani kuna chipu ya GB 16, imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba ni TB 2. Ukishajaza zile 16, inaandika juu ya vya zamani bila kukwambia, au inavipokea na kuvitupa. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi mpaka mwisho halafu inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda mrefu lakini haidanganyiki. Sasa hivi sihifadhi hata picha ya paka kabla ya kuipitisha flashi humo.

Aliyeniuzia naye alikuwa ameuziwa. Alinionyesha ya kwake.

Mama Chapati Ipagala:

Nyie mnalipa bila kuona. Mimi niliona, nikashika, nikapiga picha, nikampigia dada yangu Manyoni tukaongea, na bado nikalia.

Simu niliikuta imetangazwa mtandaoni kwa laki na themanini. Tukakutana Nyerere Square saa nane mchana, kijana mpole, amevaa vizuri, ananiita mama. Nikafanya kama nilivyosikia, nikabonyeza *#06#, namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, ikaja, nikaituma 15090 kuhakiki, jibu likarudi ni simu halali, aina ndiyo hiyohiyo. Nikalipa kwa moyo mweupe.

Wiki mbili zikapita. Ijumaa alfajiri naamka nichukue oda za chapati, kwenye kioo kuna maandishi: simu imefungwa, lipia deni lako. Kumbe ni simu ya mkopo! Kijana alilipa kianzio, akalipa siku chache, akaniuzia mimi na deni lake. Waliomkopesha nikawapigia, wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba deni lililobaki linazidi ile hela niliyonunulia. Nilishindwa. Nikawa naitumia kujiangalia nikipaka wanja.

Wanangu, ile 15090 inakwambia simu si feki. Haikwambii ni ya nani wala inadaiwa na nani.

Fundi wa Majengo:

Mama pole, za namna hiyo nazipokea kila wiki na siwezi kuzigusa. Dawa yake ni moja: kabla hela haijatoka, mwambie mwenye simu aifute yote mbele yako, iwashwe upya ikiwa na bando, usubiri dakika kumi. Ya mkopo mara nyingi itakurudishia ile programu ya mkopeshaji hata iwe imefutwa. Ya wizi inaweza kuomba akaunti ya mwenyewe wa zamani. iPhone nayo ikiomba neno la siri la mtu usiyemjua, umenunua kigae. Akikwambia "hakuna muda, niko njiani kwenda Singida", mwache aende Singida.

Kwa kuwa hamjaniuliza laptopu, nasema mwenyewe, maana huko ndiko watu wanakoumia kimyakimya. Nyingi zinazouzwa mtandaoni ni za mtumba, na mtumba si dhambi, mimi mwenyewe natumia. Dhambi ni stika. Imebandikwa i7, prosesa yenye nguvu, ndani ni Celeron, ile dhaifu. Usisome stika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, itakutajia prosesa na RAM kama zilivyo. Kisha fungua ile dirisha nyeusi ya amri (cmd), andika powercfg /batteryreport. Inatengeneza ripoti ya betri yenye mistari miwili ya kuangalia: uwezo ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao leo. Kuna mwalimu aliniletea yake, kiwandani 50,000, leo 13,000 na kitu. Aliambiwa inakaa saa sita. Ilikaa dakika hamsini, na hapo mwanga wa kioo tuliupunguza.

Kama muuzaji yuko Dar, usikubali video iliyorekodiwa. Apige ya moja kwa moja, aandike jina lako kwenye karatasi, ailaze juu ya kibodi, awashe mashine, afungue hizo kurasa unaona. Mwenye mzigo anafanya, dakika tano tu. Asiyekuwa nao ataanza habari za mtandao kusumbua.

Nkuhungu Moja:

Fundi, si anaweza kukuonyesha nzima halafu akapakia kimeo?

Fundi wa Majengo:

Anaweza. Ndiyo maana unamwambia aigeuze, unaandika namba ya mfululizo iliyo mgongoni, na unaipiga picha. Ikifika namba nyingine, una cha kusema.

Nkuhungu Moja:

Cha kusema kwa nani?

Fundi wa Majengo:

Hapo umenishika.

Duka Dogo Makole:

Niwasemee wauzaji kidogo, maana tukikaa kimya tunaonekana wote ni walewale.

Mnasema "nalipa nikipokea". Sawa. Wiki iliyopita nimempa boda simu aipeleke Mtumba, kule Mji wa Serikali, mteja ni mtumishi, sauti ya heshima. Boda kafika, simu ya mteja imezimwa. Kakaa juani nusu saa, karudi, na hela yake ya kwenda na kurudi nimemlipa mimi. Ya tatu hiyo mwezi huu. Sasa naomba hela ya boda tu itangulie, ya simu utalipa ukishaishika. Kuna watu nao wananiita tapeli kwa hiyo elfu tano.

Kuhusu bei, sisi wa Dodoma na wale wa Kariakoo wengi tunachota kwa wauzaji wa jumla walewale. Tofauti ya elfu ishirini, hata hamsini, ipo, yule halipii usafiri na anauza nyingi. Lakini nusu bei hiyo si biashara. Na mwenye duka la kweli hanuni ukimwambia akupe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na aandike IMEI juu yake. Ile risiti ina namba ya uhakiki, unaiangalia kwenye tovuti ya TRA hapohapo dukani. Anayekwambia "mashine imeharibika tangu juzi" mimi namjua hata bila kumwona.

Mvumi Kwetu:

Naongezea paneli za sola, huku kwetu jua si tatizo. Nilinunua "wati 300" mtandaoni ya kuendeshea friji ya soda. Imefika, mzee mmoja mwalimu mstaafu akachukua futi akapima: urefu mita moja, upana sentimita 67. Akaniambia, mjukuu wangu, paneli nzuri kwenye jua kali inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, hii yako hata ikijitahidi ni 130. Hesabu ya shule ya msingi hiyo. Vipimo vilikuwa vimeandikwa kwenye tangazo tangu mwanzo, sema macho yangu yalikuwa kwenye 300.

Friji inagandisha saa sita hadi saa tisa tu.

Anko wa Kisasa:

Mimi niliponea, na niliponea kwa sababu nina mtoto wa dada yangu anauza viatu Kariakoo. Nilikuwa naagiza kompyuta tatu za kituo changu cha kuchapa. Nikamwambia muuzaji, kuna kijana wangu anakuja kuziona. "Karibu sana." Kijana akafika mtaani, akampigia. Akaambiwa duka limehamia ghorofa ya tatu. Akapanda. Ghorofa ya tatu wanauza madera na nguo za watoto. Akapiga tena, akaambiwa leo wanahesabu mali, atume hela kwanza watamletea hapo chini. Kijana akasema nipo chini tayari, nimevaa shati la njano, nipungie mkono. Simu ikakatwa, mimi huku nikatukanwa meseji mbili za nguoni, nikabloku­liwa.

Baadaye nikaingia kwenye ule ukurasa kupitia simu ya binti yangu, pale penye "kuhusu akaunti hii". Umeshabadilisha jina mara nne. Wafuasi wote wale waliukuta ukurasa wa kitu kingine.

Siku hizi mzigo wa maana naufuata mwenyewe. Treni ya umeme asubuhi, jioni niko Dodoma na boksi langu mapajani.

Kikuyu Kusini:

Zabibu Kavu, ulifanya nini baada ya pale stendi? Nauliza kwa sababu mimi nilirudishiwa sehemu.

Nilituma laki mbili ya simu, ndani ya dakika kumi nikaona nimebloku­liwa. Sikumpigia tapeli wala sikumtukana, nilipiga huduma kwa wateja wa mtandao niliotumia, nikawapa namba ya muamala. Wakazuia kilichokuwa bado kimo kwenye ile akaunti, alikuwa ameshatoa sehemu. Wakaniambia nilete RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Nikaenda polisi, nikaandikisha, meseji zake nikazituma 15040 pia, namba ya kuripoti matapeli. Ilichukua wiki tano na safari nyingi, nikapata laki moja na kumi na mbili. Ningelala nikasubiri kesho yake nisingepata kitu.

Ila niwaambie kilichonishangaza. Ile laini ilisajiliwa kwa jina la bibi wa kijijini, ana kitochi, hajui hata Instagram ni nini. Inaonekana alipokwenda kusajili laini yake kwa kijana wa mwavuli, aliambiwa "bibi, kidole hakijasoma, weka tena". Akaweka tena. Cha kwanza kilikuwa kimesoma vizuri tu.

Huenda hata yule "mhasibu" wako naye hajui kama ni mhasibu. Bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Mama Chapati Ipagala:

Mungu wangu. Mimi niliweka kidole mara tatu.

Zabibu Kavu:

Kikuyu, mimi baada ya stendi nililala, kesho yake ndiyo nikapiga. Akaunti ilikuwa na shilingi mia nne.

Nimebonyeza hiyo *106# sasa hivi. Kwenye mtandao huu nina laini moja tu, hii ninayotumia. Inaniletea namba tatu. Kesho saa mbili niko mlangoni kwao kabla hawajafungua.